Akiba ya Bondeni

Mto Rufiji hauna miaka miwili inayofanana. Maji yake hutoka mbali: Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu, Luwegu na Ruaha Mkuu huongeza sehemu yao, na kwa jumla mto huu hukusanya mvua ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara. Kwa kawaida mafuriko hufika kilele chake mwezi wa Aprili. Lakini kuna mwaka maji hupanda mapema yakauzamisha mpunga ungali mchanga, kuna mwaka hayapandi kabisa, na kuna mwaka kama ule wa El Niño, 1997 kuingia 1998, bonde zima likawa ziwa.

Mama wa Umwe, kule Ikwiriri, juu kidogo ya bonde, hawezi kujua mwezi wa Januari kama chungu chake cha Agosti kitapikwa wali, ugali, au vyote viwili. Ndiyo maana kubana matumizi katika nyumba za Warufiji na Wandengereko kuna historia ndefu kuliko sarafu. Kulianza na mto.

Hesabu yenyewe ni ya misimu miwili ndani ya mwaka mmoja. Mpunga hupandwa mvua za kwanza zinapolowesha bonde, kati ya Desemba na Februari, ili uwe umepata kimo maji ya mto yatakapofika, nao huvunwa Juni na Julai. Maji yanapoanza kupungua, kuanzia Mei, watu huyafuata nyuma wakipanda mahindi, kunde na maboga kwenye tope jipya. Hiki ndicho kilimo cha mlau. Hakingoji mvua, kwa sababu unyevu wake umekwisha kuachwa ardhini na mto, na mbolea yake imekuja bure pamoja na maji. Mwaka 1929 A. M. Telford alitoa taarifa ya serikali ya kikoloni kuhusu uwezekano wa kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero; mwaka 1938 Marsland akaandika makala nzima juu ya mlau katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wageni walikuwa wakijifunza jambo ambalo bibi wa bondeni alilijua tangu utoto wake: mafuriko yakiula mpunga, mlau huwa mpana na wenye rutuba, mafuriko yasipokuja, mlau huwa haba, lakini mpunga wa mvua huweza kunusurika. Nyumba yenye busara haikumaliza mbegu zake upande mmoja.

Hapo ndipo ilipokuwa akiba ya kwanza ya nyumba, yaani mbegu. Mkulima wa mahali ambapo mvua ni ya kuaminika huweka mbegu ya kupanda mara moja. Wa Rufiji alihitaji ya kupanda, na nyingine ya kupanda upya maji yakichukua ya kwanza, na bado mahindi na kunde za mlau zilikuwa zinangoja zamu yao. Njaa ya Februari inaweza kuwa kali, ghala la chakula likawa limebaki vumbi, na huku juu ya mafiga kumening'inia mahindi ambayo hakuna mtoto anayethubutu kuyagusa. Hiyo nidhamu haikuandikwa popote. Ilisimamiwa na mama mwenye jiko.

Wahenga husema akiba haiozi. Bondeni huoza. Joto la pwani na unyevu wa mto ni karamu kwa ukungu, na fukusi hawangoji mwaliko. Kwa hiyo ufundi mkubwa wa kuokoa chakula ulikuwa ule wa kukausha. Mahindi yalivunwa na maganda yake, yakafungwa mafungu, yakatundikwa kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni ili moshi uyapitie kila siku. Masizi yaliyoyafunika ndiyo yaliyokuwa dawa. Nafaka iliyopukuchuliwa ilitiwa kwenye vilindo vya magome ya mti au kwenye vihenge vilivyosukwa, mara nyingi ikichanganywa na majivu, kwa kuwa majivu hukausha na humsumbua mdudu. Samaki wa mabwawa ya bondeni, kambale na perege, walibanikwa juu ya vichanja mpaka wakawa wakavu kabisa, hasa maji yanapokauka na samaki kubanana kwenye vidimbwi, siku ambazo mtu mmoja huweza kuvua wengi kuliko watu kumi wanavyoweza kula. Muhogo ulimenywa, ukakaushwa kuwa makopa, ukangoja kutwangwa kuwa unga wa bada. Ukipita nyuma ya nyumba mwezi wa Septemba ungeona karibu chakula cha nusu mwaka kimeanikwa kwenye majamvi.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Dungu la Rufiji ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ya fito, paa lake la nyasi au makuti. Kutoka juu familia ililinda shamba dhidi ya nguruwe, tumbili, viboko na ndege, na maji yalipopanda, watu, kuku na nafaka walikuwa tayari wako mahali pa usalama. Dungu moja lilifanya kazi ya nyumba, ya ghala na ya ulinzi. Ni vigumu kutaja jengo lililotumia miti kidogo zaidi kwa kazi nyingi zaidi.

Itakuwa kosa kufikiri kwamba ustadi huu ulizaliwa na ufukara. Mwaka 1881 William Beardall alichapisha taarifa ya safari aliyoifanya ya kuuchunguza Mto Rufiji kwa amri ya Sultani wa Zanzibar. Katika enzi hiyo bonde lilikuwa likilisha wengine: mpunga wa Rufiji ulipakiwa majahazini deltani ukaenda visiwani na kwenye miji ya pwani, na boriti za mikoko zilivuka bahari hadi Uarabuni, ambako mbao ni adimu. Nyumba iliyokuwa na ziada ndiyo iliyokuwa na sababu ya kujua kuihifadhi. Mchele uliokauka vizuri ulipata bei. Uliovunda ulimwagiwa kuku.

Kisha yakaja mambo ambayo hata uchaga mzuri haukuweza kuyakinga.

Utawala wa Wajerumani uliitaka pamba, na mashamba ya pamba yalitaka mikono ileile iliyokuwa ikihitajika kwenye mpunga. Upinzani ulilipuka mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini ya mto. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Mohoro, karibu na delta, tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Majimaji viliendelea bila yeye, na Wajerumani walivijibu kwa kushambulia chakula. Katika eneo la kusini maghala yalichomwa na mashamba yaliharibiwa makusudi, kwa hesabu kwamba mtu asiye na akiba hawezi kupigana. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa. Kama kuna ushahidi wa thamani ya kihenge cha nafaka katika nyumba ya mkulima, ni huo: jeshi lenye bunduki liliona linafaa kukigeuza shabaha.

Miaka kumi baadaye delta ikaingia tena vitani, safari hii katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mikondo ya mikoko tangu mwishoni mwa 1914 hadi ilipozamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mabaharia wake waliing'oa mizinga yote kumi kutoka kwenye maji, ikafungiwa magurudumu Dar es Salaam, ikaendelea kupiga nchi kavu. Mapema mwaka 1917 majeshi ya pande mbili yalikuwa yakitazamana kwenye mto, mvua kubwa zikaligharikisha bonde, na wapagazi na askari wote wakala kutoka kwenye mashamba yaleyale yaliyotakiwa kulisha wenyeji.

Katika miaka kama hiyo ndipo ndiga ilipochukua nafasi yake. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu, na anayekila bila maandalizi hujuta. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwa siku kadhaa kwenye maji yanayopita ili sumu ioshwe, kisha huanikwa na kutwangwa kuwa unga. Kazi ni ya wiki nzima kwa mlo usio na ladha ya kusifia. Lakini ujuzi wa ndiga ulikuwa nao ni akiba, iliyowekwa kichwani, na ulihitaji kurithishwa hata katika miaka ya neema. Mama aliyempeleka binti yake porini kumwonyesha mzizi wa ndiga wakati ghala limejaa hakuwa akipoteza muda.

Kwenye jiko la kila siku, hakuna kilichoachwa kiondoke kabla hakijafanya kazi yake ya pili na ya tatu. Mpunga ukitwangwa kinuni na kupepetwa kwenye ungo, mchele mzima ulikwenda chunguni, chenga zikawa uji au vitumbua, wishwa ukawa wa kuku. Wali ukiiva, ukoko wa chini ulikuwa haki ya watoto, na uliobaki usiku ulikuwa mwiku wa asubuhi pamoja na chai. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa tui la kwanza, ikatiwa maji ikakamuliwa la pili la kuchemshia, machicha yakapewa kuku. Kifuu kilitobolewa mpini kikawa upawa, au kikawekwa kwa ajili ya moto mkali. Makumbi yalizikwa kwenye tope ili yalainike yasokotwe kamba, makuti yaliezekea, chelewa zilifagia. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu na mchanga. Maboga yalitoa mboga kwa majani yake kabla ya kutoa maboga, na mbegu zake zilikaushwa. Mtu anayeitazama orodha hiyo kwa macho ya leo anaweza kuona ubahili. Aliyewahi kutwanga mpunga atajua kwamba kila punje ilikuwa imelipiwa kwa mikono miwili, na kuitupa ni kutupa nguvu za mtu.

Kilichoingiza fedha katika hesabu hii ya wanawake, zaidi ya mazao, ni ukili. Majani machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa nyuzi nyembamba na kusukwa kuwa utepe mrefu, kisha tepe hizo hushonwa pamoja kuwa mkeka. Mikeka ya Rufiji inajulikana mbali kwa rangi zake. Zamani mizizi ya mdaa ilitoa weusi, na leo rangi za dukani zimeongeza zambarau, kijani na nyekundu inayowaka. Uzuri wa ukili ni kwamba hauhitaji muda wa peke yake. Mwanamke huusuka akiwa dunguni akilinda ndege, akiwa barazani akizungumza, akiwa matangani, na huuzungusha bumba kadiri unavyorefuka. Bumba la ukili lililowekwa pembeni lilikuwa fedha ambayo haijapelekwa sokoni bado: ya sare za shule, ya nauli, ya sukari ya mwezi wa Ramadhani. Mume angeweza kuuza mpunga wote akamaliza pesa, lakini bumba lile lilikuwa la mkewe.

Mkeka nao ulishuka ngazi taratibu. Mpya ulikuwa wa wageni na wa sala. Ukichakaa ulihamia kitandani, kisha uani kwa kuanikia, pamoja na majamvi magumu ya miyaa. Kanga ilifuata safari kama hiyo: ya kutokea, ya nyumbani, mbeleko ya mtoto, nepi, kata ya kichwani chini ya ndoo, na mwisho tambara la kushikia chungu cha moto.

Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliharibu mazao ya bondeni. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja tu, na serikali ikaona hapo nafasi ya kutimiza mambo mawili kwa pamoja: kuwaokoa watu na maji, na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa vyenye shule, zahanati na visima. Kuanzia hapo, na hasa mwaka 1969, familia zilizokuwa zimetawanyika kwenye madungu zilihamishiwa maeneo ya juu, Ikwiriri ikiwa mojawapo. Rufiji ikawa miongoni mwa wilaya za kwanza kuonja uhamisho wa aina hiyo, miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchini katikati ya miaka ya 1970.

Shule zilikuwa kweli, na watoto wengi walisoma kwa sababu ya vijiji hivyo. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofika mapema, Angwazi na Ndulu katika tathmini yao ya 1973, na Audun Sandberg mwaka 1974, walianza kuandika juu ya gharama ya kuwatenga watu na mto wao. Kjell Havnevik aliirudia hoja hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1993 kuhusu mipango ya maendeleo iliyoshushwa kutoka juu.

Kwa upande wa jikoni, gharama hiyo ni rahisi kuieleza. Shamba lilibaki bondeni, nyumba ikawa juu. Kilomita kadhaa zikaingia kati ya mpunga na mlinzi wake, na nguruwe hawakuhamia kijijini. Udongo wa juu ni mchanga mwepesi; hauna mlau. Familia nyingi zikaishia kuendesha nyumba mbili: ya kijijini, ambako watoto wanasoma na mzee mmoja anabaki nao, na dungu la bondeni ambako wengine hulala miezi ya kulinda na kuvuna. Nyumba mbili ni vyungu viwili, mafiga mawili, vibatari viwili, chumvi mara mbili. Mavuno nayo yanapaswa kubebwa kichwani kupanda mlima, kwa hiyo kukaushia hukohuko bondeni kulipata maana mpya: samaki mkavu na mpunga uliopepetwa ni mwepesi zaidi. Wanawake walirekebisha desturi zao kufuata miguu yao.

Walikuwa hawajamaliza kuzoea pale nchi nzima ilipotakiwa kubana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha hazina tupu, na Mwalimu Nyerere akawataka wananchi wafunge mikaja kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vikatoweka madukani, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Watu walifulia majani ya mpapai. Taa ilikuwa kibatari cha kopo lenye utambi wa pamba, kikizimwa mara mlo unapokwisha. Viatu vilikatwa kutoka kwenye matairi ya magari, vikaitwa katambuga, navyo vilidumu miaka. Mashati yaligeuzwa kola. Katika miaka ile mtu wa mjini alijifunza kwa uchungu mambo ambayo nyumba za Umwe zilikuwa zimeyafanya tangu zamani, ingawa si haki kuyapamba mateso hayo: hakuna ustadi wa jikoni unaoziba pengo la sabuni kwa mama mwenye mtoto mchanga. Ni mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, ndipo rafu zilipoanza kujaa tena.

Katika miaka hiyohiyo moshi wa jikoni ulipata adui mpya. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchini. Fukusi wa zamani huvumilika. Dumuzi hutoboa punje ikiwa bado kwenye gunzi, akaacha unga. Uzuri wa kuhifadhi mahindi na maganda yake, uliokuwa kinga kwa vizazi, ukageuka udhaifu, kwa sababu dumuzi hustawi zaidi gunzini. Maafisa kilimo wakaanza kuwafundisha wakulima kupukuchua mapema na kuchanganya nafaka na dawa ya unga. Kwa mara ya kwanza kuhifadhi chakula kukawa na bei ya dukani.

Mto nao haukutulia. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji yake ilihamia mikondo ya kaskazini ya delta. Vijiji vya kusini viliona chumvi ikiingia kwenye maji na mashamba yao, na wakulima wa mpunga wakafuata maji baridi kaskazini, wakifyeka mikoko kupata shamba. Msitu huo wa mikoko, wenye hekta zipatazo 53,000, ndio mkubwa kuliko yote ya eneo moja Afrika Mashariki, na ndio kitalu cha kamba na samaki wanaoliwa hadi Dar es Salaam. Huko deltani maji ya kunywa ni kitu cha kupimwa kwa kata. Maji ya mvua hukingwa kila penye paa la bati, na ya kuoshea mchele hayamwagwi bila kuangalia ni nani au nini kinaweza kuyatumia.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu aliyekuwa akisafiri kati ya Ikwiriri na kusini alivuka kwa pantoni pale Ndundu. Foleni iliamua ni samaki gani wafike wabichi na maembe gani yaoze. Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, lenye urefu wa mita 970. Lori zikapita mchana na usiku. Mikeka ikauzwa kando ya barabara, korosho na mkaa wa Kibiti vikaenda Dar es Salaam kwa wingi, na safari ya kurudi ikaleta mitumba, ndoo za plastiki na madumu.

Dumu la lita 20 linastahili kutajwa peke yake. Lilikuja na mafuta ya kula, likabaki kuteka maji, kwa sababu halivunjiki kama mtungi na lina mfuniko. Likipasuka mdomo, hukatwa juu likawa ndoo. Kipande cha juu kikawa faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Likitoboka chini hupandwa mchicha au pilipili, likiwekwa karibu na mahali pa kuoshea vyombo ili maji machafu yapate kazi. Mtungi wa udongo, hata hivyo, haukufa kabisa. Bado unapoza maji kuliko plastiki yoyote, na wenye nao hawajautoa pembeni ya mlango.

Plastiki nyepesi ndiyo iliyokataa kuingia katika mpango huu. Mfuko wa rambo haukuwa na kazi ya pili ya maana. Ulichukuliwa na upepo ukaishia mtoni na kwenye mizizi ya mikoko. Tanzania Bara iliupiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Katika miji mingi watu walihangaika wiki za kwanza. Ukanda ambao miyaa na ukindu viko nyuma ya nyumba ulikuwa na kikapu tayari.

Fedha nazo zimepata uchaga wao. Upatu ni wa zamani: wanawake huchanga kila wiki na kupokeana kwa zamu. Kisha ulikuja mtindo wa vikundi vya hisa, ambao chimbuko lake ni Niger, ambako shirika la CARE lilianza kuutumia na wanawake wa vijijini mwaka 1991, na ambao hapa nchini watu wengi huujua kwa jina la VICOBA. Tofauti ni kwamba fedha hazigawiwi zote kwa zamu. Huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, hukopeshwa wanachama kwa riba ndogo, na hugawanywa mwisho wa mwaka. Kwa mkulima wa bondeni faida kubwa ni wakati. Mpunga unaouzwa Julai, kila mtu akiuza, huuzwa kwa bei ya kutupa; mwenye mkopo mdogo wa kulipia mahitaji ya mwezi huo anaweza kuuacha mpunga wake ghalani hadi bei ipande. Kikundi kizuri hulinda gunia kuliko kufuli.

Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa nyuma ya bwawa la Julius Nyerere, pale Stiegler's Gorge, mradi wa megawati 2,115 uliokuwa ukiwazwa tangu zamani na ambao Sandberg alikuwa ameandika juu ya athari zake kwa watu wa bondeni tangu 1974. Mitambo ya kwanza iliwashwa mapema 2024. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, mvua kubwa zikinyesha, Rufiji na Kibiti zilifurika, mashamba yakazama na maelfu ya watu wakahama nyumba zao. Bwawa haliwezi kuzuia kila tone. Lakini kadiri mtiririko wa mto unavyoamuliwa na milango ya zege, ndivyo kalenda ya mpunga na mlau inavyopaswa kuandikwa upya, na tope ambalo bwawa hulizuia nyuma yake ni mbolea ambayo mkulima atalazimika kuinunua. Kwa sababu hiyo matangazo ya kufunguliwa kwa maji yanahitaji kufika Umwe mapema kama habari ya mvua, maana juu yake ndipo familia huamua ni mbegu kiasi gani ishushwe bondeni na kiasi gani ibaki.

Jambo jingine linaingia jikoni kimyakimya. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Wanawake waliovuta moshi tangu utotoni wana kila sababu ya kuupokea. Ila moshi uleule unaowakohoza ndio unaolinda mbegu kwenye uchaga, na mtungi wa gesi hauna masizi. Nyumba inayozima kuni inahitaji mahali pengine pa kuweka mahindi yake ya Mei.

Moja ya majibu linatoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambako watafiti walibuni mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi. Mfuko huo sasa unauzwa Tanzania. Nafaka iliyokauka vizuri hufungwa ndani, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Unagharimu mara kadhaa ya gunia la kawaida, na mkulima mwenye magunia kumi hulazimika kuchagua lipi liingie. Anayeutunza huutumia misimu miwili au mitatu. Panya akiutoboa, plastiki ya ndani hushonwa kuwa kinga ya mvua dunguni, na ganda la nje hurudi kubebea mkaa.